Tupeane uzoefu: sosi ya saladi ya matunda unaitengeneza vipi nyumbani?

Mama Katindo, Goma

Jambo wapendwa. Kwenye ubatizo, mahari au sikukuu, saladi ya matunda siku hizi haikosi mezani. Lakini naona watu wanakata matunda vizuri kabisa, halafu wanamalizia kwa kumwaga maziwa ya kopo juu, au sukari tupu. Inaniuma, maana sokoni Virunga ndimu zipo, marakuja (pasheni) yapo, asali ipo, tangawizi ipo. Tuandikiane hapa: sosi yako ni ya nini, unaiweka saa ngapi, inakwenda na matunda gani. Kila mtu aandike anachofanya kweli jikoni kwake.

Naanza mimi. Yangu ni ya marakuja. Nachagua yale yaliyokunjamana ngozi lakini bado mazito mkononi, kwa sababu laini laini yanayong'aa huwa makali. Manne yanatosha bakuli ya watu watano au sita. Nakata katikati, nakwangua nyama yote kwenye chujio, nasugua kwa mgongo wa kijiko mpaka mbegu zibaki kavu. Kijiko kimoja cha mbegu nakirudisha, kwa sababu zile mbegu nyeusi juu ya papai zinapendeza macho. Kisha maji ya nusu ndimu, vijiko viwili vya asali, na chumvi ile ya kushika kwa vidole viwili tu. Asali ikiwa imeganda na baridi ya asubuhi, weka chupa yake ndani ya maji ya uvuguvugu, usiipeleke motoni. Koroga, onja, basi. Hakuna kupika.

Na ndimu nyingine naikamua moja kwa moja juu ya ndizi na avoka mara tu ninapozikata. Sosi inakuja baadaye, ndimu haisubiri.

Mwana wa Kadutu, Bukavu

Yaya, asante kwa kuanzisha. Sisi nyumbani sosi ni ya maprini, yale wengine wanaita nyanya za miti. Yale mekundu, yaliyoiva mpaka yanabonyea. Ngozi yake ni chungu, kwa hiyo nayamwagia maji ya moto, naacha dakika chache, ngozi inavuka yenyewe kwa kidole. Nakata, naweka kwenye sufuria ndogo na sukari vijiko vitatu kwa maprini sita, moto mdogo. Maji yasiongezwe! Yana maji yake ya kutosha. Yakianza kuvunjika napitisha kwenye chujio ili mbegu zibaki. Unapata sosi nyekundu kama divai, nzito, yenye ukali kidogo. Naiacha ipoe kabisa kabla ya kuimwaga.

Inapenda matunda matamu yasiyo na ukali: ndizi, papai, avoka. Kwa nanasi siiweki, mkali juu ya mkali meno yanakufa ganzi.

Papa Himbi

Mimi sukari ya damu inanisumbua, daktari amenipunguzia vitamu. Kwangu ni maji ya chungwa moja, majani ya minti yaliyokatwakatwa, basi. Matunda yenyewe yana sukari.

Da Katuba, Lubumbashi

Salamu kutoka Lushi. Huku mvua zinapoanza, masuku, yale matunda ya porini, yanajaa barabarani, na embe zinafuata. Nyama ya masuku imeng'ang'ania mbegu, huwezi kuikata vipande vya saladi. Lakini kwa sosi hakuna linaloishinda. Navunja ganda, naloweka mbegu na nyama yake katika maji kidogo yaliyochemshwa na kupoa, nafikicha kwa mkono safi mpaka nyama iachie, nachuja. Inatoka rangi ya kahawia, nzito, tamu yenyewe. Naongeza ndimu tu, maana bila ndimu utamu wake umelala. Mimina juu ya embe na ndizi uone watoto wanavyolamba sahani.

Msimu wa masuku ukiisha narudi kwenye asali ya porini, ile nyeusi ya misitu ya miombo inayouzwa kwenye machupa kando ya barabara. Ina ladha ya moshi kidogo. Hiyo usitie nyingi, itafunika matunda yote. Kijiko kimoja, ndimu moja, tangawizi iliyokunwa na kukamuliwa, na kwa embe naweka pilipili ya unga kidogo. Embe na pilipili na chumvi ni kitu ambacho sisi tumekula tangu utoto tukitoka shule.

Mwana wa Kadutu, Bukavu

Da Katuba, pilipili kwenye saladi ya matunda? Mama mkwe wangu akiona atanirudisha kwetu.

Da Katuba, Lubumbashi

Weka kwenye bakuli ndogo pembeni, dada, umwonjeshe embe tu. Usichanganye yote.

Mama wa Majengo

Naomba msaada. Napenda sosi ya yawurti, wakati mwingine mashanza (maziwa yaliyoganda) nikipata maziwa mazuri ya Masisi: nakoroga na asali na kaganda ka ndimu kalikokunwa. Ikiwa na ndizi na fraizi (stroberi) ni safi kabisa. Lakini nikitia nanasi la kisiwa cha Idjwi, baada ya saa moja hivi yote inakuwa chungu na inachuruzika maji. Maziwa ni mazuri, nimeyaonja kabla. Ni nini?

Mwalimu, Bukavu

Mama, nafundisha biolojia, hili najibu kwa furaha. Nanasi lisilopikwa, hata likiwa limeiva, lina kimeng'enya kinachoitwa bromelaini. Kazi yake ni kukata protini, na maziwa yamejaa protini. Zikikatwakatwa, vipande vingine vinaleta uchungu, na yawurti inapoteza uzito wake. Maziwa hayana kosa, nanasi pia halina kosa, ni muda tu waliokaa pamoja. Papai ambalo halijaiva nalo lina papaini inayofanya kazi hiyo hiyo, ndiyo maana watu wanalainishia nyama. Likiiva sawasawa hubaki kidogo.

Una njia mbili. Ama uweke yawurti mezani, kila mtu ajimiminie anapokula. Ama vipande vya nanasi uvichemshe na maji yake yenyewe dakika chache, moto unaua kile kimeng'enya, upoze ndipo uchanganye. Nanasi la kopo halina shida hiyo kwa sababu limeshapitia moto.

Na ndizi kuwa nyeusi pia ni vimeng'enya, vikikutana na hewa. Ukali wa ndimu unavipunguza kasi. Mama Katindo amesema vizuri, ndimu haisubiri.

Mama Katindo, Goma

Mwalimu Mungu akubariki. Nanasi la Idjwi tunalipata Kituku likishuka kwenye boti, tamu mpaka huhitaji sukari, ingekuwa huzuni kuliacha nje ya saladi.

Niongeze kuhusu muda. Sukari au asali inavuta maji kutoka kwenye tunda. Kwa machungwa na nanasi hiyo ni baraka: nyunyiza mapema, funika, baada ya nusu saa una maji matamu chini ya bakuli, na hayo ndiyo nusu ya sosi yako, usiyamwage! Lakini tikiti maji na papai lililoiva sana vitalegea na kuogelea. Hivyo vinaingia mwisho kabisa, watu wakiwa wameshanawa mikono.

Mpishi wa sherehe, Goma

Nimesoma yote, sasa niseme ya wingi, maana napikia harusi. Marakuja kwa watu mia moja ni kazi ya kutwa nzima. Mimi natumia shira: kikombe cha sukari kwa kikombe cha maji, tangawizi iliyopondwa na mchaichai uliofungwa fundo, ichemke mpaka sukari iyeyuke na nyumba inukie. Naitoa, naiacha na majani yake mpaka ipoe, nachuja. Ndimu naitia ikiwa baridi tayari, ukitia ikichemka harufu yake inapotea. Nikiwa na marakuja machache nayachanganya humo, yanasikika vizuri.

Jambo ninalosimamia kwa ukali ni maji. Tunaishi kando ya ziwa, kipindupindu tunakijua. Saladi haipikwi, kwa hiyo chochote kilicho kwenye ganda la nanasi kinafuata kisu mpaka ndani. Matunda yaoshwe kwa maji yaliyotiwa klori kabla ya kukatwa, siyo baada. Barafu ya mfuko isiyojulikana maji yake yametoka wapi haiingii kwenye bakuli. Weka bakuli juu ya barafu, isiwe barafu ndani. Na umeme ukikatika, sosi ya yawurti ndiyo ya kwanza kuondoka mezani. Shira ya ndimu inavumilia zaidi.

Binti wa Ruashi, Lubumbashi

Mtoto wangu ana miezi minane, anapenda papai. Naweza kumwekea hiyo ya asali?

Mpishi wa sherehe, Goma

Hapana dada, asali hapana mpaka apite mwaka mmoja, hata tone. Inaweza kubeba vijidudu ambavyo tumbo lake bado haliwezi kupambana navyo. Mpondee papai hivyo hivyo, linamtosha.

Mama wa Majengo

Nimefanya ya yawurti pembeni leo, nanasi peke yake kwenye bakuli lake na maji yake. Haikuwa chungu hata kidogo. Mpishi, kwa watu thelathini shira kiasi gani?

Mpishi wa sherehe, Goma

Lita moja inatosha, vijiko viwili vya mezani kwa kila sahani. Pika lita na nusu, watoto watarudi kuomba.