Mjadala: Kila kontena la chakula lipimwe bandarini Malindi, Unguja, au tuchague?

Mkaazi wa Kikwajuni (mwenye mada)

Assalamu alaykum jamani. Kila Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar (ZFDA) unapoteketeza mchele mbovu, hapa kwetu hupigwa kelele ya aina moja: kila kontena lifunguliwe, kila polo (gunia) litobolewe, hata kama mzigo utakaa bandarini mwezi mzima. Mimi dai hilo silikubali. Nitasema kwa nini, na anayeona vyengine aje.

Tuanze na hesabu. Kontena la futi 20 huchukua kiasi cha tani 25, yaani mapolo 500 ya kilo 50. Tuseme mapolo 25 kati ya hayo yameingia maji njiani na kuota ukungu. Mkaguzi akitoboa mapolo matano kwa kubahatisha, uwezekano wa kuyakosa yote mabovu ni kama asilimia 77. Akitaka uhakika wa asilimia 95 kwamba atakutana na bovu japo moja, atoboe karibu 60. Haya, fanya hivyo kwa kila kontena linaloshuka, kwenye visiwa vya watu 1,889,773 kwa sensa ya 2022, ambako wali ndio chakula na mchele mwingi unatoka ng'ambo. Haitowezekana. Kitakachotokea ni mkaguzi kutoboa mawili matatu ya mlangoni, muhuri ukapigwa, nasi tukalala tukijua tumepimiwa.

Halafu kipimo hujibu ulichokiuliza tu. Mwaka 2008 kule China maziwa ya watoto yalipimwa protini yakafaulu, maana kipimo kilikuwa kinahesabu naitrojeni, ambayo imo kwenye protini, na waliochakachua walitia melamini, kemikali ya viwandani ambayo imejaa naitrojeni. Watoto sita walikufa na karibu laki tatu waliugua. Maziwa yale yalipimwa, tena yakapasi!

Mie nasema nguvu zielekezwe kwenye vyakula vyenye hatari kubwa: karanga, mahindi na unga wake, viungo vya kusaga, maziwa ya watoto, kuku wa barafu. Mwagizaji mwenye rekodi safi mchele wake upite haraka, ila afunguliwe kwa kushtukizwa bila kujua lini. Mwagizaji mpya, au aliyewahi kukamatwa, huyo afunguliwe kila mara. Na matokeo yabandikwe wazi, shehena kwa shehena: bidhaa gani, imetoka wapi, imepimwa nini, jibu lake nini.

Klia wa Siku Nyingi

Umesema kweli sheikh, lakini sie tunaowatolea watu mizigo bandarini tunaona hujaigusa fedha. Mzigo ukikaa, dimareji, ile tozo ya kuchelewesha kontena, inahesabu. Kontena la baridi linakula na umeme juu yake. Gharama hiyo haimkai tajiri, inashuka kwenye kilo ya mchele wa mapembe pale sokoni Darajani. Tulishaonja India ilipozuia mchele wake mweupe usiokuwa basmati kutoka nje, Julai 2023, kila mtu hapa aliijua bei. Sasa tuongeze na yetu wenyewe?

Mie sina tatizo na kupimwa. Tatizo langu ni mzigo mmoja kuchukuliwa sampuli na taasisi zaidi ya moja, kila mmoja na siku yake, kila mmoja na stakabadhi yake. Sampuli ichukuliwe mara moja, wagawane huko ndani.

Mwana wa Mtambwe

Yakhe, hiyo "rekodi safi" yako inanitia shaka. Nani atakuwa nayo? Ni wale wale wakubwa watano sita wenye maghala. Mdogo aliyeleta kontena lake la kwanza baada ya kuchanga na ndugu zake ndiye atakayefunguliwa mpaka viatu, na mkubwa anapita anapunga mkono. Rekodi safi bandarini inaweza kununuliwa, tusidanganyane. Kama ni kupimwa, tupimwe sote, au pasiwe na kipimo.

Mkaazi wa Kikwajuni

Hoja nzito hiyo, sikatai. Ndiyo maana nikasema kushtukizwa. Afisa asiwe na mamlaka ya kuchagua nani afunguliwe leo. Achaguliwe na kompyuta, na orodha ya waliochaguliwa ionekane na kila mtu. Lakini "tupimwe sote" kwa mapolo matano matano inamsaidia mkubwa kuliko unavyodhani. Yeye ndiye mwenye makontena mengi, na asilimia 77 zile ni zake.

Mama wa Machomanne

Mnajadili Malindi kama kwamba Zanzibar inaishia Malindi. Njooni Pemba. Kinachoshuka Mkoani au Wete kinaonekana na mtu wa serikali. Kinachoshuka usiku kwenye bandari bubu kinaonekana na popo. Karafuu zinatoka kimagendo kwenda Kenya tangu enzi za wazee wetu, na chombo hakirudi kitupu: sukari, mafuta ya kupikia, unga. Hicho mtakipima kwa kompyuta gani?

Jengine. Mimi nauza maandazi na mkate wa ufuta, nanunua unga na mchele wa bei ya chini kwa sababu wateja wangu ni wa bei ya chini. Polo linaweza kutoka bandarini zima, likafika ghalani mchele ukamwagwa ukatiwa kwenye polo jengine lenye tarehe mpya. Hapo bandari imekosa nini? Nyinyi wa mjini mnakula basmati na harufu yake, sie ndio tunaokutana na wadudu.

Mtu wa Maabara

Naomba nichangie upande wa vipimo vyenyewe, maana hapa mchele umelaumiwa kuliko dhambi zake. Mchele ukilowa unaharibika, ndiyo, ila mara nyingi utaunusa au utauona. Kinachonikosesha raha ni sumukuvu, sumu inayotengenezwa na ukungu, kwenye mahindi na karanga. Haina rangi, haina harufu, na ukipika haiondoki. Mwaka 2016 Dodoma na Manyara waliripotiwa wagonjwa 68, wakafa 20, kwa mahindi ya nyumbani kwao. Kenya mwaka 2004 walikufa 125. Na hao ni walioanguka kwa mkupuo. Anayekula kidogo kidogo miaka na miaka, hasa mwenye virusi vya homa ya ini B, anajiongezea hatari ya saratani ya ini, na hakuna gazeti litakaloandika.

Kiwango cha Afrika Mashariki kwa mahindi ni maikrogramu 10 za sumukuvu zote kwa kilo, na ile kali zaidi, B1, isizidi 5. Kuna vijikaratasi vya kupimia vinavyotoa jibu kwa dakika. Kwa hiyo karanga hazina sababu ya kukaa bandarini wiki, jibu linapatikana siku hiyo hiyo. Ugumu uko kwenye kuchota: punje chache zenye sumu zinaweza kuharibu gunia zima, na ukichota pembeni hukutani nazo. Chota sehemu nyingi, changanya, saga, ndipo upime. Salmonela kwenye kuku ni habari nyengine, lazima bakteria aoteshwe, siku tatu mpaka tano, na hakuna mkubwa wa kumpigia simu bakteria afanye haraka.

Mwana wa Mtambwe

Sasa daktari, mahindi na karanga hizo zinatoka bara. Unataka tuwapime wabara kama wageni? Bara kazi ya chakula ilihamia Shirika la Viwango (TBS) tangu 2019, wao wanapima. Kupima tena hapa si ndiyo zile kero tunazolalamikia sisi bidhaa zetu zikifika Dar?

Mtu wa Maabara

Mie si daktari, ni mpimaji tu. Afya haimo kwenye mambo ya Muungano. Zanzibar ina sheria yake ya chakula na dawa, Namba 2 ya 2006. Kwa hiyo haki ya kupima ipo. Kama ni busara kupima kila kitu mara mbili, hilo ni swali jengine. Cheti cha TBS kikija na matokeo yenyewe ya maabara, si muhuri mtupu, mimi ningekipokea na kupima kwa kushtukiza tu. Ila gunia la karanga lililonunuliwa sokoni Tanga likapakiwa kwenye jahazi halijawahi kupita maabara yoyote, si ya bara si ya hapa. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sumukuvu, kisha siku chache baadaye ikayaruhusu kwa masharti, vyeti vikiwemo. Wakulima wetu walikasirika, na sie wengine tulikuwa tunajiuliza kwa nini sisi hatuulizi.

Klia wa Siku Nyingi

Na kuku? Anapimwa bandarini akiwa jiwe, anafika Mwanakwerekwe umeme unakatika, anayeyuka, umeme unarudi, anaganda tena. Wanaokumbuka kiza cha Disemba 2009 mpaka Machi 2010 wanajua mafriji yalivyonuka. Kipimo cha Malindi kinasema kuku alikuwaje Malindi, basi.

Mkaazi wa Kikwajuni

Hapo klia na Mama wa Machomanne mnakutana, na mnaipa nguvu hoja yangu kuliko nilivyoieleza mwenyewe. Mkaguzi anayetoboa kila polo la mchele bandarini ndiye huyo huyo ambaye hayupo ghalani mchele unapobadilishwa polo, hayupo kwenye friji la duka, hayupo Pemba usiku. Wakaguzi ni wachache, kila saa tunayoichoma kwenye kontena lisilo na shaka tumeiiba kwengine. Ningewatoa nusu waende madukani na maghalani, wengine wapelekwe Pemba na vile vijikaratasi vya sumukuvu.

Bandari bubu sina dawa yake. Anayesema anayo aiseme, mie naona hiyo ni kazi ya KMKM, kikosi cha kuzuia magendo, na ya bei: magendo hayaishi mpaka njia ya halali iwe rahisi, na kupima kila kitu kunaifanya iwe ghali zaidi.

Kwenye jambo moja sitorudi nyuma: matokeo yabandikwe. Mwagizaji analipia kipimo, wakala unalijua jibu, mlaji ndiye asiyejua kitu mpaka aone moshi jaani. Tuwaombe wawakilishi wetu walipeleke Barazani Chukwani, ubao wa matokeo pale Malindi, kila wiki.

Mama wa Machomanne

Malindi tena! Na Mkoani, na Wete. Tena uandikwe Kiswahili, na utaje jina la mwenye mzigo, maana sie dukani hatununui "shehena", tunanunua kwa fulani.

Klia wa Siku Nyingi

Jina la mwenye mzigo? Bi mkubwa, hapo ndipo utakapowasikia wakipinga wote kwa sauti moja, wakubwa na wadogo.