Re: Timu ya hoki ya barafu ya Kitchener, Ontario (Kanada), ni ya nani? Na mtoto anaanza vipi

Dada wa Cambridge aliandika:

> Habari zenu wapendwa. Kijana wangu wa gredi ya tano alipelekwa na rafiki yake kuangalia Rangers, hiyo timu ya Kitchener, tangu siku hiyo hatulali, anataka hoki tu. Baba yake anasema ule mchezo ni wa matajiri na timu itakuwa ya bilionea fulani, tusimzoeshe mtoto vitu tusivyoviweza. Mwenye kujua hii timu ni ya nani na kama kuna njia ya kuanza bila kuuza figo, anisaidie jamani.

Dada salama, na shemeji msalimie sana. Nianze na hilo la bilionea maana ndo linaloniuma, hakuna bilionea pale. Kitchener Rangers, timu ya vijana, ni ya watu wanaokata tiketi za msimu, hao hao unaowaona wamekaa na jezi zao na chipsi mkononi. Wao ndo wanachama. Wanapiga kura, wanachagua bodi ya watu 39, na ndani ya hao 39 wanatolewa 9 wa kamati ya utendaji, na wote hao wanajitolea tu, hakuna anayelipwa kwa kukaa kwenye bodi. Wanaolipwa ni wafanyakazi, kina kocha na meneja. Hakuna mtu anayegawiwa faida mwisho wa mwaka, hela ikibaki inarudi kwenye timu na kwenye hoki ya watoto wa hapa mjini. Shemeji kama ni mtu wa Simba au Yanga mwambie akumbuke enzi za mwanachama na kadi yake, ataelewa haraka.

Ilifikaje hapo, ni hadithi nzuri na nadhani watu wetu wengi wa Kitchener na Waterloo hawaijui. Mji ulikuwa na timu ya vijana tangu miaka ya 1920, na mwaka 1951 ikafunguliwa arena kubwa, Memorial Auditorium, kumbukumbu ya wanajeshi waliokufa vitani, ndo hiyo kila mtu anaiita Aud. Sasa mwaka 1956 timu ikahamishwa ikapelekwa Peterborough, mji mwingine wa Ontario, ikaitwa Petes, mji ukabaki na arena kubwa haina timu yake ya vijana. Miaka saba hivyo. Mwaka 1963 wafanyabiashara wa hapa wakiongozwa na Eugene George wakaenda kuichukua timu ya Guelph, hapo jirani nusu saa kwa gari, wakaileta Kitchener. Jina la Rangers lilitoka New York, maana siku hizo timu kubwa za NHL, ile ligi kuu ya hoki ya kulipwa, ndo zilikuwa zinafadhili timu za vijana na kuwashika wachezaji tangu wadogo. Mfumo huo ukaisha mwaka 1967, New York wakaondoka, na hapo ndo pangeweza kutokea lolote, tajiri angeweza kuichukua akafanya anachotaka. Badala yake ikawekwa mikononi mwa jamii, Eugene George akawa mwenyekiti, na mpaka leo iko hivyo.

Kwa nini naliona ni jambo kubwa? Angalieni wenzetu hapa hapa Ontario. Belleville walikuwa na timu yao Bulls tangu 1981, mwaka 2015 mwenye timu akauza, aliyenunua akaihamishia Hamilton, na watu waliokuwa wanaleta wajukuu wao arenani wakasikia kwenye habari kama mimi na wewe. Haikuishia hapo, 2023 arena ya Hamilton ikaingia matengenezo makubwa, timu ikahama tena ikaenda Brantford. Mississauga nao yao ikaenda Brampton mwaka 2024. Hao watu hawakufanya kosa lolote, walilipa tiketi zao, walishangilia, ila hawakuwa na sauti. Kitchener hakuna mtu mmoja anayeweza kuamka asubuhi akaiuza, na mimi niliyehamishwa mara nyingi maishani bila kuulizwa nalithamini sana hilo.

Na msidhani kwa kuwa ni ya jamii basi ni timu dhaifu. Kikombe kikubwa cha vijana Kanada nzima ni Memorial Cup, Rangers wamekichukua mara mbili, 1982 na 2003. Ile ya 1982 walikuwa na Scott Stevens, Al MacInnis na Brian Bellows kwenye kikosi kimoja, wawili wa kwanza hao wako kwenye jumba la heshima la hoki, wakaipiga Sherbrooke 7 kwa 4 kwenye fainali. Ile ya 2003 kocha alikuwa Peter DeBoer ambaye baadae alienda kufundisha NHL, fainali waliifunga Hull 6 kwa 3 kule Quebec City. Kuna na machungu, mara mbili tumecheza fainali hapa hapa Aud na mara mbili tumefungwa nyumbani, 1984 na Ottawa 7 kwa 2, alafu 2008 na Spokane 4 kwa 1. Hiyo ya Spokane wakati wanashangilia kapteni anampa mwenzake kombe, kombe likakatika, kitako akabaki nacho mmoja, bakuli la juu kwa mwingine! Bahati ilikuwa nakala, lile lenyewe lilikuwa salama.

Sasa la mtoto. Asianze na timu, aanze na kuteleza. Arena za manispaa zina masaa ya watu wote kuteleza, bei ndogo, nenda nae wewe mwenyewe ukashike ukuta. Vifaa chukua mitumba, watoto wanakua haraka kwa hiyo viatu vya barafu vya mwaka jana vinauzwa kama vipya, ila kofia usibahatishe, angalia stika ya CSA, alama ya viwango vya usalama, na isiwe na ufa hata mdogo. Ada ya ligi ndo inayoumiza watu, hapo omba msaada mapema kabla usajili haujafungwa, Jumpstart ya Canadian Tire na KidSport wote wanasaidia familia zenye kipato cha chini, fomu yenyewe sio ngumu na hakuna aibu yoyote, hela hizo zimetengwa kwa ajili ya watoto kama wa kwako. Na Desemba kuna mechi ya madubu, Rangers wakifunga goli la kwanza watu wote wanarusha madoli ya dubu kwenye barafu, yanaokotwa yanaenda kwa watoto wenye shida. Mpelekeni na dubu wake, shemeji mwenyewe atalainika.

---

Kaka wa Saskatchewan, jimbo la magharibi ya Kanada, aliandika:

Niongezee kutoka huku, maana huku kwetu timu za namna hiyo ni nyingi, Moose Jaw, Prince Albert, Swift Current, na Lethbridge kule Alberta, zote ni za jamii. Mimi nilifanya kazi Swift Current, mji mdogo, watu kama elfu 17 hivi, lakini wana timu ligi moja na miji mikubwa. Timu yao Broncos iliondoka 1974 ikaenda Lethbridge, wakahangaika wakaipata tena mwaka 1986. Msimu ule ule wa kurudi, tarehe 30 Desemba 1986, basi la timu likitoka mjini kuelekea Regina liliteleza kwenye barafu likaacha njia, vijana wanne wakafa. Trent Kresse, Scott Kruger, Chris Mantyka na Brent Ruff. Joe Sakic, aliyekuja kuwa nyota wa NHL, alikuwemo kwenye lile basi, akapona. Timu ikaendelea kucheza, wakashona kwenye jezi jani la klova lenye matawi manne, kila tawi na namba ya mmoja wao, 8, 9, 11, 22. Miaka miwili na nusu baadae, 1989, wakachukua Memorial Cup, fainali Saskatoon dhidi ya wenyeji wenyewe, 4 kwa 3 muda wa nyongeza, Tim Tisdale akafunga. Pale kazini wazee walikuwa wananisimulia hii kama msiba wa nyumbani, na kweli ni wa nyumbani, wale wachezaji wanaishi kwenye nyumba za watu wa mji, kijana anatoka mbali ana miaka 16 anapokelewa na familia, anakula nao, anaenda shule hapo.

Dada na hilo la shule ulijue. Kwenye hizi ligi za vijana kila msimu kijana anaoucheza anawekewa mwaka mmoja wa kusomeshwa chuo. Na tangu Agosti 2025 waliocheza ligi hizi wanaruhusiwa kwenda kucheza vyuo vya Marekani, zamani ilikuwa ukicheza huku mlango wa kule umefungwa. Wanaofika huko ni wachache sana, sitaki nikupe ndoto, ila baba yake ajue mchezo na masomo havigombani.

---

Dada wa Cambridge aliandika:

> Asanteni sana, nimemsomea baba yake yote, ya Swift Current amekaa kimya kidogo alafu akauliza huyo Tisdale alikuwa na miaka mingapi. Amekubali Jumamosi twende kuteleza. Swali moja tu, na sisi tusio raia tunaweza kukata hiyo tiketi ya msimu?

Dada hakuna anayekuuliza pasipoti, tiketi ya msimu ni ya yeyote anayelipa. Nenda dirishani pale Aud, East Avenue, uliza na viti vya bei nafuu na kama wanakubali kulipa kwa awamu, na waulize kabisa mkutano wa wanachama ni lini. Sisi tuko wengi sana mji huu sasa, Wakongo, Warundi, Wakenya, Watanzania, natamani sana siku moja nione jina la mmoja wetu kwenye ile bodi ya 39.

Na kijana anavaa kiatu saizi gani? Niandikie pembeni, wanangu wameshakua na nina pea mbili za viatu vya barafu zimekaa tu gereji, naweza kuwaletea Ijumaa jioni nikitoka kazini.