Biri ya bei nafuu ihukumiwe kwa vigezo gani?

JaniKavu ameuliza:

Ndugu wanajukwaa,

Swali langu linahusu biri, yaani zile sigara nene zinazosokotwa kwa majani matupu ya tumbaku bila karatasi. Nilinunua kifungu cha biri ishirini za bei ya chini, zisizo na sanduku, na hadi leo nimevuta tano. Ya kwanza ilikuwa chungu hata nikaiacha kabla ya kufika nusu. Ya pili ilikuwa na ladha ya kakao na mbao, moshi wake mlaini, nami nikaivuta hadi vidole vikahisi moto. Ya tatu ilibana, nikawa nanyonya bila kupata moshi. Ya nne iliungua upande mmoja tu. Ya tano ikawa kama ya pili.

Nina daftari ninamoandika maoni yangu juu ya kila biri, lakini kwa hii kalamu imekwama. Sijui kama ni biri njema iliyoharibiwa na kitu fulani, au ni biri dhaifu inayobahatisha mara mbili kati ya tano. Naomba wenye uzoefu mnieleze mnavyotenganisha kosa la tumbaku, kosa la msokotaji, na kosa la mvutaji mwenyewe.

MvutoMmoja amejibu:

Ndugu JaniKavu, anza na unyevu kabla hujamlaumu mtu yeyote. Uchungu, kubana na kuungua upande mmoja ni kasoro tatu ambazo mara nyingi huzaliwa na mama mmoja: biri iliyolowa kupita kiasi. Majani yakinywa maji huvimba, njia ya hewa inazibwa, moto unakosa nguvu, na mvutaji anapolazimisha kwa kuvuta haraka haraka, moshi unakuwa mkali. Biri iliyokauka mno nayo ina adhabu yake, kwa kuwa huungua upesi na kwa joto kubwa, na mafuta yanayobeba harufu huwa yamekwisha kutoweka.

Wavutaji wengi hutunza biri zao katika unyevu wa asilimia 65 hadi 70, na joto la nyuzi 18 hadi 21 hivi za Selsiasi. Joto likizidi sana, mayai ya mdudu wa tumbaku, yule anayeitwa kitaalamu Lasioderma serricorne, huweza kuanguliwa na kuacha vitundu katika kifungu kizima. Usikiamini kipimaunyevu kabla ya kukijaribu. Weka chumvi ya mezani katika kifuniko kidogo, idondoshee maji kidogo hadi iwe kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kisha uifungie pamoja na kipimo hicho ndani ya chombo kisichopitisha hewa. Baada ya siku moja kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 70, unajua kinapunguza tano.

Biri zako kumi na tano zilizobaki zipumzishe wiki kadhaa katika hali hiyo, halafu uvute moja kwa mwendo wa takribani mvuto mmoja kwa dakika. Bila shaka unajua kwamba moshi wa biri haupelekwi mapafuni. Unaonjwa mdomoni, na sehemu ndogo hupitishwa puani, ambako harufu nyingi hutambulika.

WembeMkali amejibu:

Nakubaliana na aliyetangulia, ila mimi ningetoa biri moja sadaka. Ichukue, uipasue kwa wembe kutoka kichwani hadi mguuni, na uitandaze juu ya karatasi nyeupe. Hakuna maelezo ya muuzaji yatakayokufundisha kama hayo utakayoyaona mwenyewe.

Tazama kwanza majani ya ndani. Yakiwa marefu kama biri yenyewe, msokotaji ametumia majani kamili; yakiwa vipande vipande, biri imejazwa mabaki ya majani, au mchanganyiko wa mabaki na majani marefu. Vipande huungua kwa joto zaidi na hukuletea chembe mdomoni. Kisha tazama jani la kufungia, lile lililo chini ya jani la nje. Katika biri nyingi za mashine si jani hata kidogo, bali ni karatasi iliyotengenezwa kwa unga wa tumbaku. Mwisho, tafuta kikonyo kinene au fundo gumu la majani yaliyopindwa, kwa sababu hapo ndipo mvuto unapokatikia.

Nasisitiza hili kwa sababu neno «nafuu» lina maana nyingi. Biri inaweza kuwa nafuu kwa kuwa haina sanduku la mbao wala pete ya karatasi, au kwa kuwa jani lake la nje lina doa au rangi isiyolingana na wenzake, ingawa ndani tumbaku ni ileile. Unafuu huo haugusi ulimi. Lakini ikiwa nafuu kwa kuwa majani hayakupewa muda wa kutosha wa kuchachuka, hiyo ni hasara utakayoionja, tena haifichiki: utasikia harufu ya amonia na kuchomwa kooni.

MajivuMeupe amejibu:

Kuhusu amonia niongeze kidogo. Tumbaku hurundikwa ikiwa na unyevu, ikajipasha joto yenyewe, na katika kazi hiyo amonia hutoka. Mapumziko ya ziada kwako yanaweza kupunguza kiasi kilichobaki, lakini hayawezi kufanya kazi ambayo kiwanda hakikuifanya. Ukipumzisha biri miezi miwili na bado inanuka hivyo, andika katika daftari kwamba tumbaku ndiyo yenye kosa, na usiionee huruma.

Vigezo viwili ningeviondoa kabisa. Cha kwanza ni weupe wa majivu, ambao hutegemea zaidi madini ya udongo uliolea mmea. Cha pili ni weusi wa jani la nje. Jani jeusi mara nyingi limechachushwa kwa muda mrefu, na huleta utamu. Ukali hutokana zaidi na majani ya ndani, hasa yale ya juu ya mmea ambayo Wakuba huyaita ligero.

Pia usionje ukiwa na njaa, wala usionje mbili kwa kufuatana. Biri moja kubwa inaweza kuwa na tumbaku inayokaribia ya pakiti nzima ya sigara, na nikotini hupenya hata kwenye utando wa mdomo. Mtu anayeona kizunguzungu hawezi kuhukumu ladha. Na kwa kuwa moshi huo husababisha saratani ya mdomo na ya koo hata usipoingizwa mapafuni, naona ni haki kwa mvutaji kuwa na biri chache anazozionja kwa makini kuliko kuteketeza kifungu kwa mazoea.

MvutoMmoja amejibu tena:

Jambo moja nililisahau. Ondoa pete, changanya biri hizo na nyingine za bei ya juu zenye ukubwa uleule, na umwombe mtu akukabidhi moja bila kukuambia ni ipi. Jarida la Cigar Aficionado, lililoanzishwa mwaka 1992, huonjesha biri bila majina na kuzipa alama kati ya 100. Alama zenyewe si lazima uzifuate, lakini kuficha jina ni muhimu, kwa sababu bei tukiijua huanza kuonja kabla yetu.

JaniKavu amejibu:

Nawashukuru nyote. Kipimaunyevu changu, baada ya jaribio la chumvi, kilisoma 68 badala ya 75, kumbe biri zangu zilikuwa zinalala katika unyevu wa 77 huku nikidhani ni 70. Nimezipumzisha wiki tano na kuvuta nne bila kujua ni zipi. Tatu zilikuwa na kakao ileile na ziliungua sawasawa. Ya nne ilibana kama zamani, na nilipoipasua nilikuta kikonyo kimelala katikati kwa urefu wa kidole. Nimeandika: tumbaku njema, msokotaji mwenye haraka. Bado kumi na moja, nami nitazipasua zote zitakazobana.