Tupeane uzoefu: nani amewahi kufika kwenye sherehe za Amelia Earhart kule Atchison, Kansas?

Dereva wa Trela:
Wakuu, habari za wikendi. Julai inabisha hodi, na sisi tulioko huku tunajua maana yake: joto la kuchemsha ubongo, mbu wa mtoni, na Atchison kufunga barabara zake kumsherehekea binti wao, rubani Amelia Earhart. Nianze na yangu.

Wakati huo sikujua hata huyo mama ni nani. Nilikuwa na mzigo Jumamosi moja, nikakuta njia ya kushukia mtoni imezibwa, polisi ananipungia mkono nirudi nyuma. Nirudi nyuma na trela la futi 53! Nilihangaika karibu nusu saa, jasho linanitoka hadi kwenye soksi. Nilipopata pa kuegesha nikashuka kutafuta maji. Mara naona kindege juu ya mto Missouri kinapanda wima, kinatoa moshi mweupe, mlio ukapungua, kikaanza kuporomoka tumbo juu. Nikapiga ukelele, "Mungu wangu, kinaanguka!" Kwa Kiswahili kabisa. Bibi mmoja wa Kizungu aliyekaa kwenye kiti cha kukunja alicheka hadi soda ikammwagikia. Kindege kikajigeuza, kikapita zake chini juu ya maji kama hakijafanya kitu.

Kumbe ndiyo maonyesho yenyewe. Nikakaa mpaka fataki za usiku. Bosi nilimwambia foleni. Mliofika, leteni visa.

Nesi wa Kakamega:
Mimi fataki sikungoja, nilikuwa na zamu ya usiku. Nilienda kwenye nyumba alikozaliwa tarehe 24 Julai 1897, ya babu na nyanya yake upande wa mama. Siku hizi ni makumbusho. Iko juu ukingoni, ukisimama pale unauona mto chini.

Kisa kilichonimaliza ni cha 1904. Katoto ka miaka saba kametoka kuona maonyesho makubwa ya St. Louis, kanarudi nyumbani, kanaegemeza mbao kwenye paa la kibanda na kuteleza nazo ndani ya sanduku. Kalitua vibaya, gauni likachanika, na bado kakasema ni kama kupaa. Nilicheka peke yangu pale, watu wakanitazama. Mimi nikiwa na miaka minane niliruka kutoka kwenye mwembe na mwavuli wa nyanya wa kwenda kanisani. Mwavuli ulipinduka kabla sijafika nusu. Nilivunjika mkono, halafu nikachapwa. Si kwa sababu ya mkono, ni ya mwavuli.

Mtani wa Tanga:
Sasa mtu kapotea tangu 1937, hakuna kaburi, nyie mnamlipulia fataki? Kwetu hiyo ingekuwa khitma, si sherehe.

Mpenda Ndege:
Mtani, nao wanasherehekea kuzaliwa kwake, si kupotea. Mwaka 1928 alivuka Atlantiki kama abiria, wanaume wawili ndio walioendesha. Dunia nzima ikamshangilia, yeye mwenyewe akasema alikuwa mzigo tu, kama gunia la viazi. Hapo ndipo ninapompendea. Tarehe 20 Mei 1932 akaondoka Harbour Grace, Newfoundland, peke yake ndani ya Lockheed Vega nyekundu. Alilenga Paris, lakini baada ya saa 15 hivi, na ndege ina hitilafu, akatua kwenye malisho karibu na Derry, Ireland ya Kaskazini. Hakuna mwanamke aliyekuwa amevuka bahari ile peke yake kabla yake.

Na Afrika amepita. Juni 1937, akizunguka dunia na Fred Noonan, mwonyesha njia wake angani, walitua Dakar, Gao, Khartoum, Massawa, kisha wakaelekea Karachi. Tarehe 2 Julai wakaruka kutoka Lae, New Guinea, kwenda kisiwa cha Howland, katikati ya Pasifiki. Hawakufika.

Mama wa Bukavu:
Jambo wote. Sisi tulipelekwa na watu wa kanisa, wakati huo ndiyo kwanza tulikuwa na miezi mitano Kansas City. Hakuna aliyetuambia kwamba usiku wanalipua. Ile ya kwanza ilipolia juu ya maji, kabla sijageuka, mama mkwe alikuwa amekwisha lala chini ya meza, mtoto mdogo kamfunika kwa mwili wake. Alitoka pale akiwa na majani kwenye kilemba, hakusema neno njia nzima. Mwaka uliofuata tulienda mchana, tukaangalia ndege, jua lilipoanza kushuka tukageuza gari. Wenye wazee waliotoka vitani wawaambie mapema.

Dereva wa Trela:
Pole sana mama. Hilo sikuwahi kuliwaza hata siku moja.

Baba Watatu:
Msiishie mtoni. Kwenye uwanja wa ndege wa Atchison kuna makumbusho mengine, yalifunguliwa 2023, na ndani yumo Muriel: Lockheed Electra 10-E, aina ileile aliyopotea nayo, na ndiyo pekee iliyobaki duniani. Wameipa jina la mdogo wake Amelia. Bati lake linang'aa kama sufuria iliyosuguliwa kwa mchanga. Nilitegemea dude kubwa, kumbe urefu wake ni kama basi la mkoani. Binti yangu wa miaka saba akaizunguka mara mbili, kimya, halafu akauliza kwa sauti: "Baba, choo kiko wapi?" Nikabaki naangalia bati.

Mgeni wa Wichita:
Wakuu, usafiri ukoje? Na pa kulala?

Nesi wa Kakamega:
Enda na gari. Kutoka Kansas City ni kama saa moja. Mji wenyewe una watu kama 10,000 tu, kwa hivyo usitegemee kupata chumba siku hiyo. Beba kofia, maji na kiti chako.

Dereva wa Trela:
Viti vya kukunja ninavyo vinne, viwili vina wenyewe. Anayetaka kimojawapo aniandikie faragha. Mwaka huu naenda na gari dogo.