Tupeane uzoefu: mtoto kwenda kambi ya skauti likizo ya Juni, Kigoma na Tabora

Wakuu, habari za jioni. Kijana wangu wa darasa la sita hapa Mwanga, Kigoma, kaja na karatasi ya skauti: kambi ya likizo, wanalala kwenye mahema nje ya mji upande wa Katonga, mzazi atie saini. Mama yake hataki hata kuisoma. Mimi nasita kwa sababu sijawahi kuvaa skafu maishani mwangu. Mliopitia kambi hizi, au mliopeleka watoto, tupeane uzoefu. Habari za Baden-Powell mwanzilishi wa skauti, na kile kisiwa alichopigia kambi ya kwanza mwaka 1907, mniachie, mtoto kashanisomea zote. Nataka kujua wanakula nini, wanalala wapi na nani anawaangalia.

Mwana wa Ujiji: Mkuu, tia saini. Kambi yangu ya kwanza tulifika tukidhani tutacheza mpira. Kiongozi akatupa mapanga na kamba za katani, akasema kuanzia sasa hakuna chombo kitakachokaa chini. Kila kikosi kijenge kichanja chake, na msumari ni marufuku. Tukakata fito, tukachimbia nguzo nne, tukazilaza nyingine juu yake na kufunga. Kazi iko kwenye kufunga: unazungusha kamba kwenye makutano ya miti, kisha unaizungusha tena katikati ya miti miwili ili ijibane, ndipo unapiga fundo. Kikosi cha jirani waliona hiyo ya katikati ni urembo tu. Asubuhi wakatua sufuria ya uji juu, kichanja kikakaa chini chote na uji wake. Tukawagawia wetu, tena kwa masharti! Mchana ilikuwa ugali wa muhogo na samaki wa ziwani, migebuka, nikala hadi mkanda ukanibana. Hadi leo nikifunga mzigo kwenye pikipiki haudondoki.

Mwalimu Kasulu: Mimi ni kiongozi wa skauti shuleni, nikujibu ya usalama. Tunapenda kiangazi kwa sababu hakuna mvua ya kuozesha mahema, lakini miezi hiyo ndiyo upepo wa kusini huvuma na kulichafua ziwa. Kuogelea ni kwa saa maalumu, wawili wawili, kila mmoja amchunge mwenzake. Filimbi ikilia, kila mtu anamshika mwenzake mkono na kuunyanyua juu, tunahesabu. Kwenye matete hawaingii kabisa, huko kuna kichocho na pengine mamba. Uliza pia kama kila mtoto ana chandarua, maana hema lisilo na wavu ni kama kulala nje. Na kwenu ziwani kuna joto, ila wakija kambi ya huku Kasulu, usiku wa Juni na Julai unauma. Watoto wa mjini huja na shuka moja, saa nane za usiku wanaanza kulala wakiwa wamelundikana.

Mama Neema wa Kibirizi: Binti yangu alipoleta karatasi nilikuta viongozi wote ni wanaume. Nikaiacha hapohapo mezani. Wakaja wazazi wengine watatu na swali hilohilo, ndipo shule ikampata mwalimu wa kike wa kulala na mabinti kambini. Skauti duniani wana sera ya kuwalinda watoto, kwa hiyo usione aibu kuuliza, hiyo si dharau. Aliporudi, mdogo wake akamwagikiwa chai ya moto mkononi. Mimi tayari nimeshika dawa ya meno. Akaninyang'anya, akampeleka bombani na kumwagia maji mkono dakika 20 nzima akitazama saa, mtoto analia naye kamkazia. Nesi wa zahanati akasema ndivyo inavyotakiwa.

Kijana wa Isevya: Mwangaluka wana Kigoma. Huku Tabora hatuna ziwa ila tuna misitu ya miombo, na skauti ni jambo la zamani: Mwalimu Nyerere alipokuwa mwanafunzi hapa alisaidia kuanzisha kikosi shuleni kwao. Tulifundishwa kusoma dira na kufuata alama za njia. Siku moja waliotangulia waliweka mishale ya majani mabichi. Mbuzi wakaila. Nusu yetu tukaikuta reli, tukaifuata hadi stesheni, wenzetu wanatusubiri porini na chakula! Tahadhari moja: mbung'o hupenda nguo za buluu na nyeusi, kwa hiyo mkija porini vaeni kaki.

Mbishi wa Gungu: Mimi sitii saini. Kuna kambi moja nilimpeleka mwanangu, pesa ya chakula ilichukuliwa yote, watoto wakanywa uji asubuhi na jioni. Unapiga simu ya kiongozi, haipatikani.

Mwalimu Kasulu: Kaka, una haki. Ndiyo maana nasema, kabla ya pesa omba barua yenye saini ya mkuu wa shule, ratiba ya chakula, jina la zahanati ya karibu na namba za viongozi wawili, si mmoja. Kisha nenda siku ya moto wa kambi. Kiongozi anayekuzuia usije kuwaona watoto, mrudishe mtoto nyumbani.

Dada wa Mwandiga: Na hifadhi ya sokwe ya Gombe wanakwenda? Wangu anaota sokwe tu.

Mwana wa Ujiji: Ni kilomita 16 hivi kaskazini, boti zinatokea Kibirizi kwa Mama Neema. Ila watoto wadogo hawaruhusiwi kuwafuata sokwe, na hata mtu mzima mwenye mafua anazuiwa kwa kuwa sokwe huambukizwa magonjwa yetu. Kwa sasa mwandikishe klabu ya Roots & Shoots kama shuleni kwao ipo. Jane Goodall, yule mtafiti wa sokwe, aliianzisha Tanzania mwaka 1991, na hapo watoto wanapanda miti bila kuhitaji hema.

Mwenye uzi: Ahsanteni. Mama yake kasoma ya Mama Neema, sasa anauliza abebe nini.

Mwalimu Kasulu: Shuka mbili, sweta, chandarua, sahani, kikombe, tochi, dawa zake kama anazo. Simu ibaki nyumbani.

Mwenye uzi: Ya simu mbona kwenye karatasi haipo?

Mwana wa Ujiji: Iko nyuma ya karatasi, mkuu. Kijana wako hajakugeuzia.