Lifti zimefungwa, tiketi bado wanauza: naomba ushauri

Wakuu, Jumamosi nililipia siku nzima ya kuteleza kwenye theluji, nikakodi skii na buti. Saa nne asubuhi upepo ukavuma, lifti zote za juu, yaani viti vya waya vya kutupandisha mlimani, zikafungwa. Kwa hilo siwalaumu. Kiti kinachoning'inia kwenye waya kikianza kuyumba si mchezo. Kinachoniuma, dirishani waliendelea kuuza tiketi kwa bei ileile, nasi tukabanana kwenye mteremko mmoja wa wanaojifunza, theluji imeshakuwa uji. Nilipodai hata nusu, dada wa kaunta akageuza tiketi, akanionyesha maandishi madogo: hali ya hewa haiwahusu.

Mliokutwa na haya, mlidai vipi? Au niulize hali ya lifti kabla ya kulipa? Nimebakiza siku mbili za likizo.