Mtoto hasemi, shule inataka tuache Kiswahili nyumbani

Mama Imani, Columbus, Marekani:

Habari zenu ndugu. Mwanangu wa kiume ana miaka mitano, ana usonji na bado hasemi. Shuleni wamempa tableti ya kuongelea: anagusa picha, nayo inatamka neno kwa Kiingereza. Ameanza kuizoea, namshukuru Mungu. Ila kila Ijumaa tableti inabaki shuleni, na mwalimu ametuambia tumwongeleshe Kiingereza tu ili asichanganyikiwe. Mama mkwe ndiye anayeshinda naye, na Kiingereza hajui. Kikao cha IEP, ule mpango wa elimu ya mtoto mwenye mahitaji maalumu, ni Alhamisi ya wiki ijayo. Nikaseme nini?

Mama Baraka, Minneapolis:

Mama Imani, pole na mahangaiko, na hongera kwa hatua ya mtoto. Nafanya kazi na watoto wa namna hii, kwa hiyo niwie radhi nikiandika kirefu.

Kiswahili msikiache. Tafiti za watoto wenye usonji wanaolelewa kwa lugha mbili hazijaonyesha kwamba lugha ya pili inawarudisha nyuma. Mkimnyamazisha bibi, mtamnyima mtoto mtu anayezungumza naye kuliko wote. Na wakikutisha kwamba tableti itamfanya awe mvivu wa kusema, hilo nalo tafiti hazikuliona.

Kuhusu tableti kubaki shuleni: sheria ya elimu maalumu, IDEA, inasema timu ya IEP ikiona mtoto anakihitaji kifaa nyumbani ili apate elimu inayomstahili, shule imruhusu aende nacho bila malipo. Wewe mzazi umo ndani ya timu hiyo. Waeleze wikendi yake inavyokuwa, na usitoke kikaoni kabla hawajaliandika ndani ya IEP yenyewe. Ahadi ya mdomo huondoka na mwalimu akihama.

Mkalimani ni jukumu la shule, kumtafuta na kumlipa. Mwombe leo kwa barua pepe. Kama una mtoto mkubwa anayejua Kiingereza, usimpe yeye kazi hiyo.

Sasa Kiswahili ndani ya tableti. Programu nyingi za aina hii zinaruhusu kuongeza ukurasa na kurekodi sauti yenu kwenye vitufe. Lakini zimejengwa kwa Kiingereza, kila neno na kitufe chake. Ukitafsiri kitufe kwa kitufe, mtoto atasema "mimi kutaka maji", na hakuna anayeongea hivyo kwenu. Rekodini neno zima kama linavyotoka mdomoni: nataka, sitaki, nipe, njoo, bado, basi, naumwa, twende. "Sitaki" msiicheleweshe. Mtoto anayeweza kukataa kwa neno hana haja ya kurusha sahani. Sauti iwe ya mtoto wa rika lake, kaka au binamu.

Kisha nyinyi wakubwa ndio wa kuanza kugusa. Bibi anaweka uji mezani, anasema "wa moto" huku akigusa kitufe cha moto, anapuliza, halafu anangoja. Angoje kweli, ahesabu moyoni hadi kumi. Asimshike mkono kumlazimisha. Endeleeni hivyo wiki baada ya wiki bila kumdai jibu. Bafuni na kwenye basi tumieni karatasi. Picha za ARASAAC, za serikali ya Aragón huko Hispania, ni bure ilimradi huzifanyii biashara. Zichapishe, andika Kiswahili chini yake, zipige laminesheni.

Mkitaka kifaa chenu wenyewe na mtoto ana Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo, mtaalamu wa tiba ya usemi amtathmini na daktari aandike kwamba anakihitaji. Wakikataa, kateni rufaa. Kila jimbo pia lina mpango wa vifaa saidizi chini ya sheria ya mwaka 1998, na huko unaweza kuazima kifaa ukakijaribu kwanza.

Baba Furaha, Dallas:

Niongeze kwa wenye ndugu viziwi. Mdogo wangu alisoma shule ya viziwi Kongo, na alipofika hapa alielewana na viziwi wa Marekani haraka kuliko tulivyotegemea. Andrew Foster, Mmarekani mweusi kiziwi aliyehitimu Gallaudet, chuo cha viziwi huko Washington, mwaka 1954, alifungua shule za viziwi Afrika kuanzia Ghana mwaka 1957, na lugha ya alama aliyokwenda nayo ilikuwa ya Kimarekani. Aliyekulia kwenye lugha ya alama ya Kenya au Tanzania asidhaniwe anaielewa ya hapa. Hospitali mwombeeni mkalimani ambaye naye ni kiziwi, afanye kazi bega kwa bega na yule anayesikia. Sheria ya ADA ya 1990, inayolinda haki za watu wenye ulemavu, hairuhusu hospitali kumtoza mgonjwa gharama hiyo.

Mama Imani:

Asanteni sana, Mungu awabariki. Barua ya mkalimani nimeshaituma. Mama Baraka, bibi anataka kitufe cha kwanza kiwe "shikamoo". Ni sawa, au tuanze na chakula?

Mama Baraka:

Kiwe hicho hicho. Akikigusa, "marahaba" ya bibi inakuja papo hapo, naye anaona kwamba ameongea akajibiwa. "Nataka" na "sitaki" viwe jirani yake, na mkishavipanga msivihamishe, maana mkono huzoea mahali. Alhamisi nenda na video fupi ya wikendi kwenye simu yako, uwaonyeshe kabla hawajaanza kukusomea makaratasi.